Mzigo Ukiharibika Baharini, Nani Alipe?

Anayetaka kujua jinsi ndugu zetu wa visiwani wanavyokula na kuvaa, na aamke alfajiri aende Mbagala Rangi Tatu, wilayani Temeke, mahali yanapoondokea magari ya kwenda Nyamisati kuwahi vyombo vya Mafia. Atakuta magunia ya unga, madumu ya mafuta ya kupikia, mabati, mabeseni na magodoro yamepangwa kando ya barabara ya Kilwa, na wenyewe wameketi juu yake wakiyalinda. Akitoka hapo aelekee kaskazini hadi pwani za Kunduchi na Mbweni, wilayani Kinondoni. Huko atakuta majahazi na mashua yamekaa mchangani yakingoja maji yajae, na wachukuzi wakiingia baharini hadi kiunoni, mizigo kichwani. Mali ya mamia ya watu wadogo huondoka hivyo kila juma kwenda Unguja, Pemba na Mafia, na nyingine hurudi kwa njia ile ile: nazi, samaki wakavu, dagaa na pweza.

Katika mizunguko yetu ya namna hiyo tulikutana na bibi mmoja, mzaliwa wa Pemba na mkazi wa Mbagala, mwenye kufanya biashara ya magodoro. Jina lake hatulitaji, wala chombo alichopakilia hatukitaji, kwa sababu shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Bibi huyu alipeleka magodoro 26 kwa mwanawe mwenye duka kisiwani Pemba. Alilipa nauli yote kabla ya safari, akapewa kipande cha karatasi chenye idadi ya mizigo na mhuri. Magodoro yakawekwa sitahani, yakafunikwa turubai. Usiku ule bahari ilichafuka kidogo, kama ilivyo desturi yake wakati wa kusi. Chombo kilifika salama na watu wake wote. Magodoro yalifika yamelowa maji ya chumvi, mengine yakichuruzika.

Bibi akaanza safari nyingine, ya nchi kavu. Alikwenda kwa nahodha, naye akamwambia, "Bi mkubwa, mimi ni mwajiriwa tu. Nenda kwa wakala." Wakala akamwambia, "Mama, sisi tunapokea nauli, chombo si chetu. Muone mwenyewe." Mwenye chombo akamkaribisha vizuri, akamwagizia chai, kisha akamwambia, "Bahari ilichafuka, mama yangu. Hiyo ni amri ya Mungu."

Bibi yule ni mcha Mungu, na amri ya Mola wake haikatai. Lakini alitutazama usoni akatuuliza: "Na turubai lililotoboka, nalo ni amri ya Mungu?"

Tumeandika makala haya kwa ajili ya swali hilo. Waheshimiwa wanaoshika kalamu ya kutunga sheria, Dodoma na Chukwani, watatuwia radhi tukilirudia mara kadhaa, maana ni swali lenye majibu, na majibu hayo yamechelewa.

Kwanza tukumbushane kwamba jambo hili si geni kwa watu wa mwambao. Zamani sana, kabla ya meli ya moshi wala bima ya London, wafanyabiashara wa bahari za Waislamu walikuwa na hukumu zilizoandikwa. Katika karne ya 10 kulikuwa na kitabu cha Kiarabu, Kitab Akriyat al-Sufun, kilichohusu ukodishaji wa merikebu na magomvi baina ya watu wake. Kilieleza nani alipe mzigo ukilowa, nauli irudishwe kiasi gani chombo kisipofika, na hasara igawanywe vipi mizigo inapotoswa baharini ili kuokoa roho za watu. Msingi wa hukumu hiyo ya mwisho ulikuwa wa haki: aliyetoswa mzigo wake kwa manufaa ya wote hakuachwa abebe hasara peke yake, bali wote waliookoka nao walichangia. Wazee waliijua tofauti ya mawimbi na uzembe. Nahodha aliyeondoka na chombo kisichokalafatiwa hakuweza kusimama barazani na kuisingizia bahari.

Sheria tuliyoirithi ina asili nyingine. Mwezi Agosti mwaka 1924, katika mji wa Brussels, mataifa yenye meli na mataifa yenye mizigo yalikubaliana juu ya kanuni ambazo zimejulikana duniani kwa jina la Kanuni za Hague. Uingereza ilizitungia sheria mwaka huo huo, na kutoka huko zikasambazwa katika makoloni. Tanganyika ilipata yake chini ya utawala wa Waingereza, nayo ndiyo Sheria ya Uchukuzi wa Mizigo kwa Njia ya Bahari, Sura ya 164. Tulipopata Uhuru tuliipokea pamoja na majengo na reli. Mkusanyo wa sheria wa mwaka 2002 uliichapa tena. Waingereza wenyewe waliiacha ile ya kwao walipotunga nyingine mwaka 1971, na hiyo mpya ilianza kazi mwaka 1977. Mtoaji wa nguo ameshavaa nyingine, nasi tumebaki na mtumba wake.

Tusiwe watovu wa insafu. Kanuni za Hague zilikuwa na wema wake. Kabla yake, wenye meli wengi waliandika katika hati zao kwamba hawawajibiki kwa lolote, hata kwa wizi wa mabaharia wao. Kanuni ziliwalazimisha wahakikishe, kabla ya safari na inapoanza, kwamba chombo kinafaa kwenda baharini, kina mabaharia wa kutosha, na sehemu za kuwekea mizigo ni salama. Ziliwalazimisha pia kuupakia, kuutunza na kuuteremsha mzigo kwa uangalifu. Lakini ziliwaachia milango mingi ya kutokea, nasi tutaitaja mitano ambayo mwananchi wa Temeke na wa Kinondoni hugongana nayo.

Mlango wa kwanza ni kosa la uendeshaji. Nahodha akikosea njia akapanda mwamba, au baharia akifungua bomba lisilohusika maji yakajaa ngamani, mwenye chombo anasamehewa kulipa mizigo, maadamu kosa hilo ni la uendeshaji au la kukihudumia chombo. Hapo zamani, nahodha alipokuwa miezi mitatu baharini bila njia ya kuwasiliana na tajiri wake, pengine msamaha huu ulieleweka. Leo nahodha ana simu mfukoni, na tajiri humpigia kumwuliza amefika wapi.

Mlango wa pili ni sitaha. Kwa Kanuni hizo, mzigo unaochukuliwa sitahani, na ambao hati yenyewe imesema kwamba utachukuliwa sitahani, si mzigo unaolindwa. Kadhalika wanyama walio hai. Basi ng'ombe, mbuzi na magodoro, yaani nusu ya biashara ya visiwa, vimewekwa nje ya uzio. Wasomaji wetu na wauzingatie ule masharti: hati lazima iseme. Mwenye chombo aliyeupakia mzigo sitahani kimya kimya, bila kuuandika hivyo, hana haki ya kujificha nyuma ya msamaha huu.

Mlango wa tatu ni karatasi. Kanuni zinausimamia mkataba ulioandikwa katika hati ya shehena. Wafanyabiashara wetu wangapi wa Tandika na Manzese wamewahi kupewa hati ya shehena katika safari ya Unguja? Wengi hupewa risiti, wengine hupewa ahadi. Sheria za namna hii ziliruhusu biashara ya mwambao iende kwa risiti ya kawaida na kwa masharti ambayo pande mbili zimekubaliana. Lakini katika makubaliano ya mwenye jahazi na mwenye magunia matatu, sote tunajua ni nani anayeandika masharti na ni nani anayetia dole gumba.

Mlango wa nne ni kiwango. Kanuni za Hague zilimwekea mwenye chombo ukomo wa paundi 100 za Kiingereza kwa kila furushi, isipokuwa kama thamani ya mzigo ilitajwa tangu mwanzo katika hati. Mwaka 1924 hizo zilikuwa fedha nyingi. Noti zilipokwisha kupoteza nguvu, ugomvi ukazuka: je, ni paundi 100 za makaratasi au za dhahabu? Maana Kanuni zenyewe zilisema kiasi hicho kihesabiwe kwa thamani ya dhahabu. Jambo hili lilifika katika mahakama ya London mwaka 1988 katika kesi ya meli Rosa S, nayo ilihusu mzigo uliopelekwa jirani zetu, Mombasa. Jaji aliamua kwamba ni dhahabu. Sarafu 100 za paundi ya dhahabu zina dhahabu safi gramu 732 na ushei, na thamani yake ilikwisha kupanda hadi maelfu ya paundi. Mwenye mzigo akapata haki yake. Lakini tujiulize, ni mfanyabiashara gani wa Chang'ombe mwenye uwezo wa kukodi mawakili hadi London ili wamfafanulie sarafu ya mfalme wa Uingereza? Sheria inayohitaji mfua dhahabu kuisoma si sheria ya wananchi.

Mlango wa tano ni wakati. Mwenye mzigo ana mwaka mmoja tu wa kufungua shauri, tangu mzigo ulipofika au ulipopaswa kufika. Mwaka huo huisha upesi kwa mtu anayerushwa kutoka kwa nahodha kwenda kwa wakala, na kutoka kwa wakala kwenda kwa tajiri aliyesafiri.

Hayo ni ya majahazi na mashua. Tukija kwenye meli kubwa, hali haiwi nyepesi. Siku hizi wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo, ambao wengi wao hulala Temeke na Kinondoni, huungana kumi au ishirini wakachangia kontena moja kutoka Guangzhou au Dubai. Sheria ya mwaka 1924 hailijui kontena, kwa kuwa biashara ya makontena ilianza kushika kasi baada ya mwaka 1956. Basi kontena la watu ishirini likizama, swali huwa hili: je, ni furushi moja au ni mafurushi elfu mbili? Jibu hutegemea maneno machache yaliyoandikwa katika hati na karani wa ng'ambo asiyemjua mwenye mali.

Fauka ya hayo, sheria ya Uingereza ya mwaka 1924, ambayo ndiyo mama wa hizi zetu, ilielekezwa kwa mizigo inayotoka bandarini, si inayoingia. Nchi inayouza nje kahawa, korosho na katani ingeridhika kwa kiasi. Lakini mwananchi anayeagiza bidhaa hubaki chini ya sheria ya nchi ulikotoka mzigo, au ya mahali palipotajwa na hati, na aghalabu hati hutaja London. Tena Kanuni za Hague humshika mwenye meli tangu mzigo unapopakiwa hadi unapoteremshwa. Mzigo ukishagusa gati, ukapelekwa katika yadi za Kurasini na kwingineko Temeke, ukapotea huko, mwenye meli husema ameshauteremsha, mwenye yadi husema aliupokea ukiwa umefungwa, na mwenye mali hubaki na ufunguo wa kufuli lisilokuwapo.

Sasa tuseme jambo ambalo si wengi wanaolikumbuka. Mwezi Februari mwaka 1979, Arusha iliwapokea mawaziri wa Kundi la nchi 77, waliokuja kushauriana jinsi nchi zinazoendelea zitakavyosimama pamoja katika biashara ya dunia. Miezi mitano baadaye, tarehe 24 Julai 1979, Tanzania ilijiunga na mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa juu ya uchukuzi wa mizigo baharini, uliopitishwa Hamburg mwezi Machi 1978. Uganda ilikwisha kujiunga wiki chache kabla yetu. Kenya ilifuata mwaka 1989. Mwaka 1991 Zambia, ambayo mizigo yake hupita mlango wetu, ilijiunga ikatimiza idadi ya nchi 20 zilizotakiwa, na tarehe 1 Novemba 1992 mkataba ukaanza kutumika.

Kanuni hizo za Hamburg zinaifunga milango tuliyoitaja. Zimeufuta msamaha wa kosa la uendeshaji. Zinasema kwamba mzigo ukipotea, ukiharibika au ukichelewa ukiwa mikononi mwa mchukuzi, yeye ndiye anayedhaniwa kuwa na dhima, mpaka athibitishe kwamba yeye na watu wake walifanya kila lililopaswa kufanywa kuepusha hasara hiyo. Kwa moto peke yake mzigo wa kuthibitisha umebaki kwa mdai. Zinatambua mzigo wa sitahani na wanyama walio hai. Hazidai kwamba lazima kuwe na hati ya shehena. Zinamshika mchukuzi bandarini pia, kwa muda wote ambao mzigo umo katika himaya yake. Ukomo wa fidia ni vipimo 835 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila furushi, au vipimo 2.5 kwa kila kilo, kwa lile litakalozidi, na vilivyomo ndani ya kontena huhesabiwa kimoja kimoja kama vimeorodheshwa. Muda wa kudai ni miaka miwili. Na mwenye mzigo anaweza kushitaki katika bandari ulikopakiwa au ulikoteremshwa. Maana yake ni kwamba mwananchi wa Temeke angeshitaki Dar es Salaam.

Basi kwa nini hatuyaoni hayo? Kwa sababu katika nchi yetu mkataba wa kimataifa haugeuki kuwa sheria mahakamani mpaka chombo cha kutunga sheria kiutungie sheria. Tulijiunga na mkataba kabla ya wengi, kisha tukauweka sandukuni, na Sura ya 164 ikaendelea na Kanuni zake za zamani. Bunge lilitunga Sheria mpya ya Meli za Biashara mwaka 2003, na hatua hiyo ilikuwa njema, kwa kuwa ilishughulikia usajili, usalama na mabaharia. Lakini mkataba wa mchukuzi na mwenye mzigo ulibaki katika kitabu cha jirani yake.

Hapa pana fundo jingine ambalo ndugu zetu wa visiwani wanapaswa kulielewa vyema. Kanuni za Hamburg zenyewe zinahusu safari baina ya nchi mbili. Safari ya Dar es Salaam na Pemba ni safari ya ndani ya Jamhuri moja. Kwa hiyo kuzinakili tu hakutamfaa bibi yetu wa Mbagala. Sheria itakayotungwa itamke waziwazi kwamba inazihusu pia safari za mwambao na za visiwa. Na kwa kuwa bandari zimo katika orodha ya mambo ya Muungano ilhali Zanzibar ina Sheria yake ya Usafiri wa Baharini ya mwaka 2006 na Mamlaka yake iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, chombo kimoja katika safari moja hukutana na sheria mbili na wasimamizi wawili. Bara wasimamizi walikuwa SUMATRA, na tangu mwaka 2018 ni TASAC. Wahenga walinena: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hatusemi nahodha mmoja amtupe mwenzake baharini. Tunasema wakubaliane mapema juu ya dira, ili Bunge na Baraza la Wawakilishi wapitishe sheria pacha, zenye maneno yale yale juu ya dhima, ukomo na muda wa kudai.

Watakuwapo watakaosema kwamba magodoro ni jambo dogo. Tunawajibu kwa huzuni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tume iliyochunguza ilieleza kwamba ilikuwa na watu 2,470, wakati iliruhusiwa abiria mia sita na ushei. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe. Roho za watu hazina bei, wala hatuzipimi kwa furushi. Lakini mazoea yanayojaza chombo watu kupita kiasi ni yale yale yanayofunika mali ya wanyonge kwa turubai lililotoboka: mtu ameshajua kwamba ikitokea hasara hataulizwa. Palipo na dhima ya kulipa, mwenye chombo hukagua mbao zake mapema na kuhesabu watu wake kabla ya kung'oa nanga. Chombo cha kuzama hakina usukani, husema watu wakijiliwaza. Sisi tunasema vyombo vingi vilivyozama vilikuwa na usukani, na mwenye kuushika alikuwapo.

Tumewasikiliza pia wenye vyombo, kwani haki haina upande mmoja. Wanasema: tukibanwa hivyo, nauli itapanda, na mpandisho huo ataulipa mwananchi wa kisiwani kwa kila kilo ya unga. Wanasema majahazi yao hayapati bima kwa urahisi. Wanasema wako wenye mizigo wanaoficha petroli katika madumu ya mafuta ya kula, au wanaoandika magunia 10 wakaleta 14. Hoja hizi ni za kweli na zinastahili majibu. Nauli inaweza kupanda kidogo. Lakini leo hasara inalipwa yote na mtu mmoja, aghalabu aliye mnyonge kuliko wote, hata biashara yake ikafa. Ikigawanywa katika nauli ya watu mia, kila mmoja huongeza kidogo, na hakuna anayefilisika. Huo ndio ule msingi wa wazee wetu wa kuchangia mizigo iliyotoswa. Ukomo wa fidia kwa chombo kidogo cha mbao unaweza kuwekwa chini ya ule wa meli kubwa, na wenye majahazi wanaweza kuunganishwa katika ushirika wa bima wa kwao wenyewe. Kuhusu petroli iliyofichwa, sheria zote mbili, ya zamani na mpya, zinamtia hatiani mwenye mzigo aliyedanganya, nasi hatuna neno la kumtetea.

Wakati sheria mpya ikingojewa, mwananchi asikae bure. Mali bila daftari huisha bila habari. Kitabu Kitukufu kimetuamrisha tuandike deni, liwe dogo au kubwa, wala tusichoke kuliandika. Na mzigo uliokabidhiwa kwa mwingine ni amana, nayo ni deni zito kuliko yote. Basi usipakie bila karatasi yenye jina la chombo, jina la mwenyewe, idadi, hali ya mzigo na mahali utakapowekwa. Ukiona limeandikwa neno "sitahani," uliza kwa nini, na ukiweza ukatae. Mzigo ukifika umeharibika, usiuchukue kimya kimya. Andika malalamiko hapo hapo gatini; na kama uharibifu umejificha, andika ndani ya siku tatu ambazo Kanuni za zamani zinazitaja. Na ujue kwamba hata usipokuwa na hati ya shehena, huko Bara Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwangalifu anavyoitunza mali yake mwenyewe. Mlango huo ni mwembamba, lakini uko wazi.

Kwa waheshimiwa tuna maombi manne, na yote yamo ndani ya uwezo wao. Sura ya 164 ifutwe na mahali pake iwekwe sheria inayofuata mkataba tulioukubali mwaka 1979, kwa mizigo inayotoka na inayoingia. Sheria hiyo izihusu safari za mwambao na za visiwa, na ipitishwe kwa pamoja pande zote mbili za Muungano. Uwekwe mfano mmoja wa risiti ya mizigo, kwa Kiswahili, utakaotumika Mbweni, Kunduchi, Nyamisati, Malindi, Mkoani na Wete, na chombo kisichoutoa kisiruhusiwe kuondoka. Na madai madogo ya mizigo yasikilizwe karibu na bandari, kwa njia fupi, ili bibi wa magodoro asilazimike kuuza yaliyosalia kumlipa wakili.

Kazi hii haihitaji mkopo kutoka nje wala mtaalamu wa kigeni. Maneno yamekwisha kuandikwa, na nchi yetu ilikwisha kuyakubali. Kilichobaki ni kuyatoa sandukuni na kuyavusha maji.

Bibi yetu wa Mbagala aliyaanika magodoro yake juani siku nane. Aliyauza kwa nusu ya bei, akawaambia wanunuzi wote kwamba yalikuwa yamelowa maji ya bahari, kwa kuwa hakutaka kula haramu. Muuzaji wa magodoro ameona ni wajibu wake kueleza kasoro ya mali yake. Tunataka sheria itakayomwajibisha mwenye chombo kueleza kasoro ya turubai lake.